Supu ya Mama Mkwe na Vidonge vya Moyo

Kabla sijaugua nilikuwa na shingo ya fahali. Nasema bila haya, maana walioniona bado wapo wachache, waulizeni. Enzi hizo za Mwingereza, pembe ya msaragambo, kazi ya kijiji kizima, ikilia asubuhi hapa Mhezi, kila nyumba ilitoa mtu wa kwenda kutengeneza ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia mashamba. Wanaume walibeba mawe, wanawake udongo. Mimi nilibeba mawe.

"Huyu ni mwanamke au punda?" shemeji zangu waliuliza.

"Punda ni yule atakayepumzika kabla yangu," nikawajibu.

Nguvu zile zilikuwa na supu yake. Mama mkwe wangu alichemsha mifupa ya mbuzi pamoja na mizizi iliyotoka nyikani, upande wa Bendera, mpaka supu ikawa nyeusi, chungu hata ulimi unakufa ganzi. Wanaume waliinywa kabla ya kazi nzito, na mimi nilikuwa na kibuyu changu. Miaka yote ile haikunidhuru.

Ndipo nikajifungua Eliapenda, mtoto wangu wa kwanza. Mtoto alitoka mzima, mimi nikavimba. Miguu ilijaa hadi mapajani. Ukiibonyeza, shimo linabaki kama kwenye ugali. Nikilala chali nazama, kana kwamba kuna maji kifuani, basi nikawa nalala nimekaa, mgongo ukutani, mtoto kwenye titi. Mume wangu akaita wenzake, wakanibeba kwa machela hadi hospitali ya misheni, ng'ambo ya mto.

Daktari, Mzungu mmoja mwembamba, akanisikiliza kifua kwa mipira yake. "Mama, moyo wako umechoka. Nitakupa vidonge vya kuusaidia kupiga."

Vidonge vyenyewe vidogo, huwezi kuamini. Lakini nilikojoa kama ng'ombe, uvimbe ukashuka, na asubuhi moja nikalala chali kama watu. Nikalia kwa raha.

Mama mkwe akasikia nimepata nafuu. Akaja na kibuyu. "Kunywa, mwanangu, urudishe nguvu." Nikanywa. Akawa anakuja kila baada ya siku mbili tatu, nami nakunywa.

Kwanza shuka likawa njano. Nikadhani wamelifua vibaya. Kisha ukuta ukawa njano, kisha maziwa, kisha uso wa mwanangu. Taa ya chemli ilivaa pete, kama mwezi unapotaka mvua. Nilitapika mpaka nyongo. Moyo ulipiga, ukasahau, ukakumbuka, ukapiga mara mbili upesi kama mtu aliyejikwaa. Halafu, sijui nililala au la, nikajiona niko ndivani. Maji ni njano, rangi ya kiini cha yai. Nina jiwe kichwani nalo halina uzito. Natembea juu ya maji, pembe inalia mbali, laini, wala sina haraka. Nawaambieni kweli, kule kwenda kulikuwa kutamu.

Kilichonirudisha ni titi. Eliapenda alilivuta, halitoki kitu, akapiga kelele hadi bwawa lote likapasuka nikafumbua macho.

Daktari akapunguza vidonge. Bado njano. Akakuna kichwa. "Mama, unatumia dawa nyingine? Za kienyeji?"

"Hakuna, Bwana Daktari."

Wala sikumdanganya. Dawa ni kitu unachopewa na mganga. Ile ilikuwa supu.

Akamwita mume wangu pembeni. Nilimwona mume wangu akirudi anatazama miguu yake, na shangazi yake pale mlangoni ameshaanza kuuliza nani atamnyonyesha mtoto.

Mvua ikashuka. Mto ukafurika, mama mkwe akakwama upande wa nyumbani. Siku zikapita bila kibuyu, na ile njano ikawa inanitoka kidogokidogo, kama maji yanavyoacha shamba. Ukuta ukarudi ukuta. Chakula kikakaa tumboni. Maziwa yakatoka, membamba, lakini yakatoka. Daktari akashukuru, lakini hakujua anashukuru kitu gani.

Mto ulipopungua mama mkwe akaingia wodini, matope hadi magotini, na kibuyu kikubwa kuliko vyote.

"Umekonda! Hawa wanakulisha nini, majani? Kunywa."

Nilikuwa nimeshakifikisha mdomoni. Daktari alikuwa kitanda cha jirani. "Hiyo ni nini, mama?"

"Supu ya nguvu, Bwana. Na wewe onja, hiyo miguu yako itavunjika."

Wodi nzima ikacheka. Daktari akachovya ulimi, akatema kwenye leso. Yeye hakucheka. "Ina nini ndani?"

"Mifupa. Na mizizi."

"Amekuwa akinywa?"

"Kila nilipokuja."

Akakaa kitandani kwangu. "Mizizi hii nayo inausukuma moyo, kama vidonge vyangu. Vyote viwili pamoja vilikuwa vinamuua."

Mama mkwe akakikumbatia kibuyu, akatazama mlangoni. Nilijua anachoogopa. Huku kwetu neno "amemlisha", yaani sumu, likishatoka halirudi. Nikamshika. "Mama, ulinilisha nipone."

Akaketi sakafuni. Kisha akasema polepole, "Kumbe tulifungulia shamba moja maji watu wawili, mimi huku, Bwana kule, bila kuambizana. Maharage yamezolewa."

"Ndivyo hasa," akasema daktari.

"Basi mimi nafunga." Akakitazama kibuyu. "Lakini mifupa ya mbuzi haimwagwi." Akatoka nje, akaigida yote, akapanda mlima kurudi bila fimbo.

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari yule, na mama mkwe namshukuru mara mbili: kwa kunipenda na kwa kusikia. Nanyi mnaosoma, mkiulizwa na daktari mnatumia nini, msitaje dawa peke yake. Tajeni supu, tajeni asali, tajeni unga wa nguvu, hata kama mmepewa na mama. Tumbo halijui hiki ni chakula, hiki ni dawa. Linapokea tu.

Eliapenda alikua, akanizalia wajukuu wenye shingo kama yangu. Mimi, daktari aliponiruhusu tu, nilirudi msaragambo. Wakaniwekea udongo. Nikaupita, nikachukua jiwe, moja tu, na lilikuwa zito, zito kweli, si kama lile la maji ya njano, nikafurahi. Lipo hadi leo kwenye ukuta wa ndiva, upande wa kutokea maji.