Kisiuzwe Kenya

Niliondoka Kitale kwa sababu ya maneno mawili yaliyopigwa mhuri nyuma ya kitabu cha hesabu: KISIUZWE KENYA. Kampuni yetu ndiyo iliyokuwa na haki ya kukiuza nchini. Vile vyenye mhuri vilichapishwa kwa ajili ya Uganda, kwa bei nafuu, na tajiri wangu alikuwa amesikia kwamba duka moja la Kakuma linaviuza waziwazi.

"Wafula, nenda uvikusanye vyote," akaniambia. "Ukirudi mikono mitupu, hapa huna kazi."

Mwaka ule nilikuwa nimemzika mke wangu, na nyumba ilinishinda kwa ukimya. Nikachukua magunia, nikaenda.

Kapenguria, kwenye kizuizi, askari alisoma ruhusa yangu ya kuingia Turkana, maana siku zile huingii bila ruhusa, akaniuliza nimekosa nini hata nipelekwe huko. Hakuwa anatania. Lori likaanza kushuka. Mahindi yakaisha, majani yakaisha, na mazungumzo nayo yakaisha, maana dereva alikuwa mtu wa kutafuna miraa na kunyamaza. Nilitazama vichuguu vyekundu vimesimama wima, virefu kuliko mimi, nikatamani hata kugombana na mtu.

Lodwar tulifika jua likiwaka hasa. Hotelini, mhudumu aliniletea chai ya rangi, akanisalimu Kiturkana.

"Ejok! Wewe natoka Kenya?"

Nikacheka. "Kwani hapa ni wapi?"

"Hapa Lodwar," akasema, akifuta meza. "Kenya hawajambo? Mvua iko?"

Nilidhani ananichezea shere. Lakini kila niliyekutana naye mjini aliniuliza habari za Kenya, kwa adabu kabisa, kama unavyomwuliza mgeni habari za kwao. Alasiri nikashuka hadi mto Turkwel, nikakuta mchanga mtupu na wanawake wakichimba maji. Nikasema moyoni, hili lazima nimsimulie mke wangu. Halafu nikakumbuka. Nililia palepale mchangani, mtu mzima mimi, na ndevu zangu.

Kakuma duka lilikuwa moja la mabati, chumvi na tumbaku mbele, shanga zikining'inia. Mwenyewe alikuwa Mama Akiru. Nilipouliza vitabu vya hesabu, alinitolea kimoja bila wasiwasi wowote. Nikakigeuza, nikamwonyesha mhuri.

"Mama, hukusoma hapa?"

"Mwalimu alinisomea. Kisiuzwe Kenya." Akanitazama kama anayemtazama mtu mzito wa kuelewa. "Mimi sijauza Kenya. Kitabu hii imetoka Uganda, imeuzwa Kakuma. Kenya mimi nimefika mara moja, nilipeleka mtoto hospitali Kitale. Baridi! Sirudi tena."

Nilitafuta ujanja usoni pake, sikuuona. Yule mama alikuwa ameutii ule mhuri kwa moyo mweupe.

"Na vingine viko wapi?"

"Iko shule. Yote."

Shuleni, Mwalimu Ekai alikuwa na darasa la saba, na mtihani ulikuwa unakaribia. Kila kitabu kilizungukwa na watoto, na wale wa upande wa pili wa meza walikuwa wamezoea kusoma hesabu juu chini. Nikamweleza kilichonileta. Hakubisha.

"Vyenu niliagiza, bwana. Mwaka mzima nangoja. Kama umeleta, chukua hivi, uniachie vyenu."

Sikuwa nimeleta kitu. Nilikuwa na magunia matupu tu, nikayaona yalivyo aibu.

"Basi watafanya mtihani na nini?" akauliza.

Nikayakunja magunia, nikayatia kwapani. "Vikae," nikamwambia. "Nitawaletea na vyetu."

Njia ya kurudi, baridi ilipoanza kutuingia karibu na Kapenguria, dereva yuleyule alifungua kinywa kwa mara ya kwanza. "Haya," akasema, "tumeingia Kenya." Safari hii sikucheka.

Kitale nilimkuta tajiri dukani. Nikamweleza yote, nikamwomba vitabu vya Kakuma kabla ya mtihani.

"Turkana?" Akatikisa kichwa. "Wafula, jua limekupiga. Huko hatupeleki vitabu. Sisi tunauza Kenya."

Nikangoja ayasikie maneno yake mwenyewe. Wapi!

"Basi, tajiri," nikasema, "yule mama hana kosa. Ameuza mahali ambapo nawe unasema si Kenya."

Kazi ikaishia hapo. Mshahara wangu wa mwisho niliuchukua kwa vitabu, vyetu halisi visivyo na mhuri, na yale magunia yakapata kazi. Wenzangu waliniona nimerukwa na akili. Labda. Lakini nilikuwa nimejifunza kwamba ramani ni kitu kimoja na kukumbukwa ni kingine, na nyumbani kwangu hakuna aliyekuwa ananingoja.

Lodwar, mhudumu wa siku ile alinitambua kabla sijashusha mzigo. Akanivutia kiti.

"Ejok! Umerudi! Kenya hawajambo?"

"Hawajambo," nikamwambia. "Wamewasalimu sana."

Nilisema uongo. Hakuna aliyenituma salamu.