Kaboni Niliyoambiwa Niichome

Siku ya kwanza kazini, Karani Mkuu, Mzee Salehe, alinikalisha mbele ya taipureta akaniambia, "Hapa unapiga chapa tu. Ya ndani si yako."

"Ndiyo, Mzee."

Dirisha langu lilitazama njia ya zamani ya misafara. Alasiri vumbi lilipanda polepole, jekundu, nami nikipiga chapa nilihisi kama wapagazi wa enzi za mababu bado wanapita. Tabora ya wakati ule ilikuwa kama ndoto.

Barua ya siri ilikuwa na taratibu zake. Kaboni, ile karatasi nyeusi ya kutolea nakala, ilikuwa lazima iwe mpya, kisha Karani Mkuu aichome kwa mkono wake. Iliyotumika mara moja husomeka ukiiinua kwenye mwanga.

Siku moja Bwana Shauri, mkuu wetu wa wilaya, alinipa barua ya kwenda gerezani: wafungwa waliomaliza vifungo wasiachiwe mpaka barabara waliyokuwa wakiijenga iishe. Sheria ilikataza kabisa. Nami nilimjua mmoja wao, Kulwa, kwa sababu mkewe alikuja kila Jumatatu kutoka kijiji cha Ntalikwa.

"Karani, mume wangu kamaliza miezi yake. Mbona hatoki?"

"Subiri kidogo, mama," nilimjibu, na aibu ikinichoma.

Mzee Salehe alikuwa anawahi swala ya adhuhuri. "Kaboni ichome wewe, mwanangu," akasema. Sikuichoma. Jaji alikuwa mjini kusikiliza kesi. Nikaipenyeza kwenye makabrasha yake.

Wiki haikuisha, wafungwa wakaachiwa kwa amri ya jaji. Niliwaona Kulwa na mkewe dirishani, wameshikana mikono, wakififia vumbini kama watu wa ndotoni. Nilifurahi mno.

Kesho yake Bwana Shauri aliingia amefura. "Kaboni huchomwa na nani?"

Mzee Salehe alinitazama, kisha akasema, "Na mimi, Bwana."

Alifukuzwa siku ileile. Nikainamia taipureta, nikaendelea kupiga chapa.

Nilihamishwa vituo vinne, nikapanda cheo, nikastaafu kwa heshima. Vijana huniuliza kama ni haki kutoa siri ya serikali wakubwa wakivunja sheria. Ni haki, na ningeitoa tena. Ila safari hii ningesimama.

Mzee Salehe alishafariki. Wanawe wako mtaa wa Cheyo, na mpaka leo wanaamini baba yao alifukuzwa kwa uzembe. Wanangu, hakuzembea. Ile kaboni niliichukua mimi.