Mwalimu wa Mikia ya Maneno

Mwalimu wa Kigagauzi, lugha yetu ya kijijini, ana kidole kirefu ambacho hata watu wazima wanakiogopa. Katika lugha yetu neno moja hubeba nyumba, mwenye nyumba na kama unaingia au unatoka, yote katika vipande vidogo vinavyobandikwa mwishoni, ambavyo yeye huviita mikia. Ukidondosha mkia, kidole kinagonga meza. "Maliza neno. Hicho kipande umemwachia nani?" Padri amewahi kugongewa katikati ya sala. Muuza jibini akimwona anakuja humwachia mkewe kaunta. Mazishini alimshika bega mjane aliyekuwa akiomboleza, akamrekebishia neno, kisha akamruhusu aendelee kulia.

Jumapili moja nilikuwa jikoni kwake nikikanda unga, simu ikalia kutoka Moscow. Alikuwa mjukuu wake, ambaye siku zote huzungumza naye Kirusi. Safari hii mtoto alijaribu lugha yetu. "Bibi, nyumba wewe, mimi kuja." Kidole kiliinuka, kikabaki hewani.

"Umesema vizuri sana, mjukuu wangu," akasema.

Nikamnong'oneza, "Mwalimu, huyo hajaweka hata mkia mmoja."

"Nyamaza wewe. Mama yake nilimsahihisha mpaka akahamia Kirusi, na hajarudi."

Akausogeza mdomo karibu na simu, akauliza polepole, "Bibi pika nini, wewe kula?"