Paka wa Idd na Koti la Kupulizia

Wewe unayewaza kumpelekea mtoto paka sikukuu hii, kaa kidogo nikueleze. Mimi nilimpeleka, na nilidhani nimefikiria kila kitu.

Ilikuwa Idd ya Kuchinja. Nilitoka Masasi kwenda Newala kwa kaka yangu, nimepakata boksi nililolitoboa matundu ubavuni. Humo alikuwamo paka mdogo, zawadi ya binti yake wa miaka saba. Mtoto alipolipokea boksi alisahau hata kuniamkia, mpaka baba yake akamkumbusha.

"Shikamoo shangazi," alisema, uso umo ndani ya boksi.

"Marahaba."

"Dada, siku kama ya leo wenzako wanaleta nyama," kaka akasema. "Wewe unaleta mla nyama."

"Atakumalizia panya ghalani."

"Huyu? Panya wa huku watambeba."

Nikamwelekeza mtoto taratibu: maji safi kila siku, asimfunge kamba shingoni, usiku alale ndani. Akarudia yote bila kukosea. Nikaondoka nimeridhika.

Jambo moja sikuliuliza, ingawa nami nimekulia kwenye mikorosho: mwezi ule nyumba ile ilikuwa na kazi gani. Maua yalikuwa yanaanza kutoka, na kaka alikuwa akishinda shambani akipuliza dawa. Jioni alivua koti la kupulizia na kulitupa kando ya mlango wa jikoni, kama baba yetu alivyofanya. Paka hupenda nguo yenye joto la mtu. Akaligeuza kitanda. Na paka, ukimtazama, kutwa anajilamba manyoya.

Baada ya wiki mbili kaka alinipigia simu. Paka alitokwa mapovu, akatetemeka, na kabla bwana mifugo hajafika alikuwa amekufa. Nikaomba kuzungumza na mtoto.

"Shangazi, maji nilimbadilishia kila siku," alisema. "Na kamba sikumfunga."

"Najua, mama. Hukukosea. Mimi ndiye sikukwambia habari ya koti."

Kisha akauliza, "Na baba je? Yeye analivaa."

Nikamwomba amrudishie baba yake simu. Siku hizi kaka huliacha koti nje, mbali na nyumba, na hunawa kabla ya kuingia. Paka mwingine mtoto hajaniomba, nami sijathubutu kumtajia.

Kwa hiyo, kabla hujatafuta boksi, nenda kwanza mikono mitupu. Uliza dawa na nguo za shambani zinakaa wapi, na uhakikishe zimehamishwa mbali na mlango kabla paka hajafika.