Pawa Saplai Nzito ya Makambako

Baba yangu, mwalimu mstaafu, alikusanya maneno ya Kibena, lugha ya kwetu, kwa miaka kumi na moja. Aliwazungukia bibi saba wa vijiji vya huku Njombe akiwauliza majina ya majani, ya ndugu wa ukoo, ya magonjwa ya ng'ombe, kisha akayaingiza kwenye kompyuta yake kuukuu. Kompyuta ilipokufa nikaichomoa diski iliyohifadhi maneno yote, nikajitapa kwamba nitamuundia mashine nyingine kwa mikono yangu. Nakala nyingine haikuwepo. Madaftari aliyoandikia yalishatumika kuwashia jiko zamani. Baridi ya Njombe haina huruma na karatasi.

Vifaa nilivipata kidogo kidogo. Nikaongeza kadi kubwa ya picha, ya kuhariria video za harusi, na huo ulikuwa uchu wangu mwenyewe. Kadi ile ilikula umeme, hivyo ilibidi nichague vizuri pawa saplai, lile boksi la chuma linalopokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa mashine nzima. Nikaenda Makambako.

Mwenye duka, mzee aliyehamia pale kutoka Tanga, aliniwekea mbili mezani. Moja ilikuwa imetumika, chafu, imeandikwa wati mia nne. Nyingine ilikuwa mpya, inang'aa, wati mia saba.

"Chukua hii ya zamani, kijana wangu," alisema. "Nimeitoa kwenye kompyuta ya ofisi. Hiyo mpya watu wananunua, lakini siwezi kukuapia."

Mimi ni mnunuzi wa parachichi. Siku nzima kazi yangu ni kupima tunda kiganjani, na jepesi nalirudisha kwa mwenyewe. Nikaishika ile ya zamani, nyepesi. Nikaishika mpya, mkono ukashuka.

"Mzee wangu, kiganja hiki hakijawahi kunidanganya," nikamwambia huku nacheka. Akatikisa kichwa, akanifungia ile mpya. Hadi leo nikikumbuka kicheko kile natamani ardhi inimeze.

Jumamosi asubuhi nikaunganisha kila kitu pamoja na ile diski ya zamani, baba ameketi pembeni na koti lake. Mashine ikawaka. Orodha yake ikatokea kwenye kioo, akasoma maneno mawili kwa sauti, akatabasamu. Nikaanza kuinakili kwenye diski mpya. Laiti ningetulia hapo! Lakini nilitaka anisifu, nikafungua na video ya harusi ili aone picha zinavyong'aa. Feni zikanguruma, pakalia "paa", harufu ya plastiki ikajaa sebuleni, kioo kikawa cheusi. Nilichomoa waya ukutani, lakini nilishachelewa.

Fundi wa mjini aliifungua ile pawa saplai mbele yangu. Chini kabisa palikuwa na kipande cha chuma kilichokazwa kwa skrubu mbili, hakijaunganishwa na waya wowote. Kazi yake ilikuwa kuwa kizito, basi. Kwingine ndani kulikuwa karibu kutupu. Ilipokufa ilipitisha umeme mwingi kupita kiasi, ukaziunguza diski zote mbili. Ile ya zamani niliituma Dar es Salaam kwa wataalamu, ikarudi kama ilivyokwenda. Nilikaa nayo mapajani, sijui niifanye nini.

Baba hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza. Alinunua daftari jipya. Akaandika majina ya wale bibi saba, halafu akaanza kuwafuta waliokwisha kuzikwa. Wakabaki wawili, na mmoja wao kiharusi kimemfunga kinywa.

Kisha akanigeukia.

"Na wewe hukosi maneno yako ya Kibena. Nitajie."

Huyu ndiye mwalimu aliyetuchapa darasani kwa kuongea Kibena. Nilifumba macho nikatafuta, nikatafuta tena. Nikampa manne. Aliandika la kwanza, kisha kalamu ikasimama.

"Haya mengine ni Kikinga, mwanangu," alisema kwa upole. "Uliyapata kwa mama yako."