Mwalimu Ajifunza Kuteleza

Kwa miaka ishirini na mitatu, Mwalimu alifundisha watu kuendesha pikipiki bila kuteleza. Asubuhi moja ya mvua, mbele ya wanafunzi saba, gurudumu lake la nyuma likateleza. Akakakamaa kama mlingoti, akaingia na pikipiki yake mpaka ndani ya kibanda cha kinyozi. Hakuna aliyeumia, ila mteja mmoja alitoka na mstari kichwani ambao hakuuagiza.

Kilichomkera Mwalimu si aibu. Ni kwamba aliwakataza watu jambo ambalo mwenyewe hakulijua.

Jumamosi akaenda gereji kwa binti ambaye yeye mwenyewe alimfelisha mara tatu kwa kuingia kwenye kona kiubavuubavu. Siku hizi binti huyo alikuwa akishinda mashindano kwa kosa hilohilo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nimekuja unifundishe lile kosa lako."

Binti akafuta oili mikononi, polepole, kidole kimoja kimoja. "Kwa hiyo sikustahili kufeli?"

"Ulistahili. Hukuwasha indiketa."

Wakaenda kwenye uwanja wa kiwanda cha matofali kilichofungwa, penye vumbi la kutosha.

"Shika breki ya mbele ungali umenyooka," binti akasema. "Shusha gia, gusa ya nyuma. Gurudumu likitoka, liache litoke. Wewe tazama unakokwenda."

Mwalimu akatazama gurudumu, akaenda chini. Siku hiyo alianguka mara nne. Jumamosi iliyofuata, sita.

"Umeanguka tena?" mumewe, fundi saa, akamuuliza akimkanda goti.

"Nimeshuka kabla ya kituo."

Jumamosi ya tano, gurudumu la nyuma likatoka, likachora upinde mrefu kwenye vumbi, na Mwalimu akaliacha. Pikipiki ikageuka chini yake kwa ulaini wa mlango uliotiwa mafuta, ikanyooka, ikaenda zake naye yuko juu.

"Umeona ulivyofanya, mama?" binti akapiga kelele.

"Nilifumba macho."

"Basi rudia, ukiwa umeyafumbua."

Akarudia mara kumi na moja. Mumewe alikuja kumchukua, akakaa juu ya rundo la matofali, vumbi likamjaa masikioni.

"Unafurahi, mke wangu?"

"Mno," Mwalimu akajibu, uso mkavu kama anayesoma bili ya maji, kisha akageuza pikipiki kuifuata kona nyingine.