Maganda Yaliyong'aa Kuliko Yangu

Mume wangu anafanya kazi kwenye klabu ya kulenga shabaha nje ya mji wa Musoma. Watu wakishapiga risasi, yeye huokota maganda matupu ya shaba ili yajazwe upya. Baruti haitoki klabuni hata kijiko. Kinachofika nyumbani kwetu Buhare ni maganda tu, meusi kwa masizi, na kuyasafisha ni kazi yangu.

Nayaloweka kwenye maji ya moto yenye ndimu na sabuni, nasugua ndani kwa brashi ya kuoshea chupa za mtoto, nayaanika kwenye wavu wa dagaa. Yakikauka nayatia kwenye ndoo ya kifuniko pamoja na magunzi yaliyotwangwa, halafu naibingirisha uani mpaka mikono iume. Mume wangu huyachukua, hukaa dirishani akayakagua moja moja. Hapo ndipo nilipokuwa natamani kuitwa. Nilitaka siku moja aniambie nikae karibu yake, anieleze anatafuta nini humo. Miaka yote alichonipa ni kuniambia weka hapo.

Kisha akaoa mke wa pili kutoka Nyamuswa, akamleta humu humu uani kwangu, maana nyumba anayomjengea Bunda haijaezekwa. Binti mpole, sauti ya chini, salamu kwa magoti. Hata angekuwa na adabu za malaika ningemchukia tu.

Nilikwenda Kiriba kwenye msiba wa shangazi, nikamwachia mke mwenzangu maganda. Niliporudi niliyakuta kwenye sinia, yanang'aa kama pete iliyotoka dukani leo. Mume wangu alikuwa anayageuzageuza huku akitabasamu, akasema mwenzangu ana mkono mwepesi. Roho iliniuma nikashindwa kumaliza ugali. Nilimuuliza mwenzangu ametumia nini, akacheka kidogo, akasema ni mambo ya kwao tu. Kesho yake nilitoa fungu langu nililolisafisha kabla ya msiba nikalisugua upya kwa ndimu mpaka vidole vikachubuka. Wapi. Yake yalikuwa bado mbele.

Jioni mume wangu alikaa dirishani na tochi ya simu. Akatuita wote wawili. Kwenye mdomo wa ganda moja la mwenzangu palikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Kwenye la pili pia. Akamuuliza ameyaoshea nini.

"Mkojo wa ng'ombe," alisema, macho chini. "Niliuacha kwanza ukawa mkali, nikayaloweka humo siku zote hizo. Kwetu vibuyu vya maziwa tunaoshaga hivyo."

Mume wangu alieleza kwamba ule ukali ndio unaoila shaba, na kwamba ganda la namna hiyo likipigwa linaweza kumpasukia mtu usoni. Sinia zima lilikuwa la kutupa.

Nilifurahi, sitaki kudanganya. Huyu ni mwanamume anayefoka kijiko kikianguka. Nilifunga kanga yangu vizuri kiunoni, nikasimama mlangoni nisikie kila neno.

Akasogea pembeni kwenye benchi.

"Njoo ukae hapa," alimwambia. "Nikuonyeshe ufa unavyoanza."

Akakaa. Mume wangu akamshika kidole, akakipitisha polepole kwenye mdomo wa ganda bovu, kisha kwenye ganda zima, kisha tena kwenye bovu, akimuuliza kama anasikia tofauti. Lile zima lilikuwa langu, nililijua. Vichwa vyao vilikaribiana juu ya ile simu, na sauti aliyokuwa akiongea nayo sikuwahi kujua kwamba anayo.

Mimi sijamharibia ganda hata moja tangu anioe, kwa hiyo hajawahi kuwa na la kunionyesha. Nilikuwa bado nimesimama pale mlangoni alipozungumza bila kugeuka. Aliniomba chai, vikombe viwili.